Mchuzi wa Kisumu na Nduguye wa Japani

Kibao chenyewe kilikuwa cha rangi ya hudhurungi, kimechorwa mistari ya kukivunjia, na mimi niliyekuwa kidato cha pili nilijua ni chokoleti. Mwalimu alipunguza moto wa stovu, akakivunja vipande vinne, akavitumbukiza ndani ya sufuria yenye viazi, karoti, vitunguu na kuku, kisha akaanza kukoroga polepole kwa mwiko. Supu iliyokuwa nyepesi ikageuka rangi. Ikawa nzito, ikatoa povu kubwa moja moja, linalopasuka bila haraka kama matope ya shamba la mpunga jua likiwa kali. Harufu ikajaa chumba chote, ikatoka nje. Mama alikuwa amesimama mlangoni, leso begani. Akanusa mara ya kwanza, akanusa mara ya pili.

"Mwalimu," akasema, "hii si Royco?"

Mwalimu alikuwa Mjapani wa kujitolea, amekuja kufundisha hisabati na sayansi katika shule moja ya sekondari karibu na Ahero, na alikuwa amepanga chumba kwetu. Majirani walimwita Atieno kwa kuwa gari lililomleta lilifika usiku, na jina likamkaa hata wanafunzi wakasahau lile alilokuja nalo. Alicheka, akasema hapana, hii ni kari, chakula cha kwao. Kila mtoto wa Japani amelelewa nacho. Tukala kwa wali wa Ahero, naye akalalamika kidogo kwamba punje za mchele wetu hazishikani. Mama alionja kijiko kimoja cha adabu, akasema ni tamu kama uji wa mtoto, akaenda kusonga ugali. Mimi nilikula sahani mbili.

Nimeipenda kari ya Kijapani tangu jioni ile. Lakini kilichonikaa zaidi ni swali la Mama. Mtu aliyepika miaka yote kando ya ziwa hili, ambaye hajawahi kuvuka bahari, alinusa sufuria ya mgeni kutoka upande wa pili wa dunia akaitambua. Nimechukua muda mrefu kuelewa kwamba pua yake haikukosea, na kwamba ili kumjibu vizuri ni lazima kupita India, London, reli ya Uganda na meli za vita za Japani.

Tuanze hapa nyumbani. Kabla ya reli, jiko la pwani ya ziwa halikuwa na bizari wala halikuilalamikia. Dani, mama yake Mama, alikuwa akisema kwamba ngege aliyevuliwa alfajiri haombi kitu ila maji, chumvi na moto mdogo. Samaki waliosalia walikaushwa juani au juu ya moshi. Nyama ikikaushwa ikawa aliya. Mboga chungu kama akeyo na osuga zilitulizwa kwa maziwa, zikalala usiku kucha, zikapashwa moto tena kesho yake, na uchungu ukageuka utamu wa aina yake. Kulikuwa na samli, njugu, ufuta. Kuon ilisongwa kwa unga wa mtama au wimbi, na kando yake palikuwa na kado, yaani mchuzi mwepesi wa kile kilichochemshwa. Watu wengi hudhani chakula kisicho na viungo ni chakula maskini. Anayesema hivyo hajala kamongo wa kukaushwa aliyepikwa na mtu anayemjua.

Viungo vyenyewe vilikuwa vimeshakaribia. Pwani ya bahari ilikuwa na iliki, mdalasini, jira na manjano karne nyingi kabla ya hapo, kwa sababu majahazi ya India na Arabuni yaliletwa na kurudishwa na pepo za msimu. Misafara ya Waswahili ilifika mpaka kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kaskazini mwa ziwa. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883 njia ile ilikuwa tayari ya biashara. Lakini mzigo wa msafara ulikuwa nguo, shanga na waya wakati wa kuja, na pembe za ndovu wakati wa kurudi. Bizari ya mpagazi ilikuwa ya chungu chake mwenyewe, na haikuingia kwenye vyungu vya wenyeji.

Neno kari limetoka kusini mwa India, kwenye Kitamil na jamaa zake, ambako lilikuwa jina la kitoweo cha kulia wali. Ni Waingereza waliolifanya jina la chakula chote cha India, na hilo peke yake linaonyesha walivyokitazama: nchi kubwa yenye majiko maelfu ikatiwa kwenye kopo moja. Mwaka 1747 Hannah Glasse, mwandishi wa kitabu cha mapishi huko London, alichapisha maelekezo ya kupika kari ya Kihindi. Mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua mkahawa wa vyakula vya kwao katika jiji hilohilo. Baadaye zikaja kampuni za kusaga na kufunga unga wa kari tayari, ili mke wa afisa aliyerudi nyumbani asihitaji tena mpishi anayejua kipi kinatangulia kwenye mafuta. Kitabu mashuhuri cha Bibi Beeton cha mwaka 1861 kina kuku wa kari, na ndani yake mna kijiko cha unga wa kari, kijiko cha unga wa ngano na tofaa moja. Msomaji aukumbuke huo unga wa ngano na hilo tofaa.

Kutoka hapo njia mbili zinaachana. Moja ilikuja kwetu kwa treni. Nyingine ilikwenda Japani kwa meli.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896. Tarehe 20 Desemba 1901 ilifika kwenye ghuba ya ziwa, mahali Waingereza walipopaita Port Florence, ndipo Kisumu ya leo, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, aliyegongomea msumari wa mwisho. Wafanyakazi karibu 32,000 walikuwa wameletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi, kwa mkataba wa rupia 15 kwa mwezi pamoja na posho. Karibu 2,500 walikufa njiani, kwa maradhi, ajali, na kwa idadi ndogo lakini iliyosimuliwa zaidi, kwa simba wa Tsavo. Wengi waliosalia walirudi kwao. Waliobaki ni kama 6,700.

Si hao pekee waliotia ladha kwenye sufuria za Kisumu. Nyuma ya reli walikuja wenye maduka, wengi Wagujarati, na mbele yao wote alikuwa Allidina Visram, aliyetoka Kutch akiwa kijana mdogo, akaanzia Bagamoyo, akaeneza maduka yake kufuata reli hadi Kisumu na Uganda. Ndani ya maduka ya namna hiyo kulikuwa na blanketi, jembe, chumvi, sukari na mafuta ya taa, na kwenye magunia yaliyofunguliwa mdomo, manjano, jira, giligilani na pilipili. Wahindi wengine walipata ardhi Kibos, kilomita chache kutoka mjini, wakalima miwa. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilifuata mwaka 1922. Meli za ziwa, Winifred mwaka 1902 na Sybil mwaka uliofuata, ziliundwa palepale Kisumu kutokana na vipande vilivyoletwa, zikaanza kuvusha shehena kwenda Entebbe, Bukoba na Mwanza. Mpaka reli ilipofika Kampala mwaka 1931, karibu kila gunia la kwenda Uganda lilipitia gatini kwetu, na harufu yake ikabaki.

Mji ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa kwenye miinuko yenye upepo, Wahindi karibu na maduka yao, Mwafrika nje ya mipaka au nyuma ya nyumba ya mwajiri. Ndiyo maana mapishi hayakusafiri kwa kualikana. Yalipitia mlango wa nyuma. Vijana wa Kano, Seme na Nyakach walioajiriwa kuosha vyombo walitazama, wakasonga karibu, wakapewa kukoroga, na mwisho wakawa wao ndio wapishi. Walijifunza kwamba kitunguu hukaangwa mpaka kibadilike rangi kabla ya nyanya kuingia. Kwamba manjano mabichi huacha ladha ya udongo. Kwamba jira husikika ikilia kwenye mafuta na ikinyamaza imeungua. Walirudi vijijini na maarifa hayo pamoja na kibunda cha karatasi. Upande wa Kaloleni, mtaa wa Waislamu hapo mjini, Waswahili na Wanubi walikuwa na pilau yao, na sikukuu ya Idi ilikuwa darasa jingine.

Hivyo ndivyo maneno yalivyohamia. Dania, masala, dengu, chapati, bajia, sambusa: mtoto wa Kisumu huyajua kabla ya kujua kwamba yalitoka mahali. Chapati ikawa chakula cha Krismasi katika nyumba za Waluo zisizokuwa na Mhindi hata mmoja kwa kilomita 50. Na mchuzi ukabadilika. Samaki aliyekuwa akichemshwa alianza kukaangwa kwanza, kisha kurudishwa kwenye kitunguu na nyanya. Hakuna aliyeandika siku hiyo. Hakuna kitabu cha mapishi kilichochapishwa na wapishi wale, wala picha ya mmoja wao akiwa mbele ya jiko. Nasema kwa uchungu kwamba watu hao ndio waliobadili chakula cha Nyanza kwa karne nzima, na majina yao hayamo popote.

Njia ya pili ilikuwa tofauti kabisa. Japani ilipofungua milango yake kwa mataifa ya Magharibi, na hasa baada ya utawala mpya wa Meiji kuanza mwaka 1868, kari ilifika pale bila Wahindi. Ilifika kama chakula cha Kizungu. Mwaka 1872 vitabu viwili vya mapishi ya Magharibi vilitoa maelekezo yake kwa Kijapani, na kimojawapo kiliorodhesha kuku, kamba, chaza na hata chura. Unga uliotumika uliagizwa kutoka Uingereza, ule wa kampuni ya Crosse & Blackwell. Kwa Mjapani wa wakati ule, kula kari kulikuwa ni kuionja Ulaya.

Aliyeitoa kari mkahawani ikaingia vijijini alikuwa mwanajeshi. Jeshi la majini la Japani lilijengwa kwa mfano wa lile la Uingereza, na mabaharia wake walikuwa wakifa kwa beriberi, maradhi yanayovimbisha miguu, kupoozesha, na kusimamisha moyo. Walikula wali mweupe uliokobolewa sana, na karibu wali peke yake. Meli ya Ryujo iliposafiri kwa miezi kadhaa mwaka 1882 na 1883, kati ya mabaharia 376 waliougua ni 169, na 25 walikufa. Daktari Takaki Kanehiro, aliyesomea London katika hospitali ya St Thomas, alishuku chakula. Mwaka 1884 aliishawishi serikali kuituma meli nyingine, Tsukuba, kwa njia ileile, lakini safari hii kukiwa na nyama, mkate, maharagwe na maziwa. Hakuna aliyekufa kwa beriberi. Takaki alidhani siri ilikuwa protini. Leo tunajua ni vitamini B1, ambayo huondoka pamoja na pumba mchele ukikobolewa. Sababu aliikosea, lakini dawa aliipata.

Jeshi likawa linatafuta namna ya kuwalisha vijana wa mashambani nyama na unga wa ngano bila kuwanyima wali waliouzoea. Mchuzi mzito wa kari ulifaa: nyama, viazi, karoti na vitunguu katika sufuria moja kubwa, unga wa ngano ukiwa ndani, wali chini. Kitabu cha mapishi cha jeshi la majini cha mwaka 1908 kina kari ya wali. Kijana aliyemaliza utumishi alirudi kijijini akijua kuipika, akamfundisha mama yake. Hapo naona Kisumu tena. Huko askari, huku mpishi wa kuajiriwa, na kila mmoja amerudi nyumbani na ladha aliyoipata kazini.

Mwaka 1923 Yamazaki Minejirō, mwanzilishi wa kampuni ya S&B, alifanikiwa kutengeneza unga wa kari wa Kijapani, na nchi ikaanza kujitegemea. Mhindi mwenyewe alichelewa kuingia katika hadithi hii, na alipoingia alikuwa mkimbizi. Rash Behari Bose alitafutwa na Waingereza kwa njama ya mwaka 1912 ya kumtupia bomu Lord Hardinge, mtawala wao mkuu wa India, mjini Delhi. Mwaka 1915 alitorokea Japani. Familia ya Soma, wenye duka la mikate la Nakamuraya huko Shinjuku, Tokyo, ilimficha, na mwaka 1918 akamwoa binti yao Toshiko. Toshiko alifariki akiwa kijana, mwaka 1925. Miaka miwili baadaye Nakamuraya ilifungua mkahawa na kuanza kuuza kari ya Kihindi ya Bose: kuku mwenye mifupa yake, viungo vilivyochanganywa palepale, bila uzito wa unga wa ngano. Mtu aliyepigania uhuru wa nchi yake kwa baruti alikuwa sasa anatetea chakula cha nchi yake kwa sufuria. Kwangu hii ndiyo sura nzuri kuliko zote katika historia ya kari popote duniani, na nimetamani mara nyingi kwamba mpishi mmoja wa duka la Kisumu angekutana naye.

Sasa turudi kwa Mama. Mhindi akitaka mchuzi mzito huongeza vitunguu, mtindi, dengu au subira. Huuacha jikoni mpaka ukauke kwa kiasi. Ni Mwingereza aliyekuwa na haraka akaongeza unga. Wajapani walipokea kari kwa mkono wa Mwingereza, wakapokea na unga wake. Katika miaka ya 1950 viwanda vyao vilichukua unga huo uliokaangwa kwa mafuta, vikaufunga pamoja na viungo, vikaugandisha uwe kibao. Mwaka 1963 kampuni ya House ilitoa kibao chenye tofaa na asali, kikalengwa kwa watoto, na kikawa kipenzi cha nchi. Tofaa lile la Bibi Beeton lilikuwa limezunguka dunia.

Na sisi? Chukua pakiti ya Royco ya mchuzi usome mgongoni. Kuna chumvi, giligilani na viungo vingine, na kuna wanga wa mahindi. Ndiyo sababu kila mpishi wa Kisumu huikoroga kwanza katika kikombe cha maji baridi. Ukiimimina kavu kwenye sufuria inayochemka inashika madonge. Ndiyo sababu mchuzi ukishaipokea hung'aa, hushikamana, huvaa kipande cha samaki badala ya kukikimbia. Wahindi walituletea viungo na ustadi, lakini kiwanda kilipokuja kutupunguzia kazi kilikuja na fikra ileile ya Kizungu: viungo viwe tayari, uzito uwe tayari, ladha iwe moja toka Busia mpaka Muhuru Bay. Kile Mama alichokinusa siku ile ni giligilani na manjano vilivyolala ndani ya wanga. Royco na kibao kile ni watoto wa baba mmoja, waliolelewa pande mbili za bahari.

Kwetu pakiti ilikutana na samaki wake katika miaka ya 1980. Mbuta alikuwa ametiwa ziwani tangu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kwa muda mrefu watu walimsikia tu. Kisha ghafla akajaa, akala samaki wadogo wa fulu mpaka aina nyingi zikapotea, akabadili kila kitu. Dani alimwona samaki wa mafuta mengi, asiyefaa kukaushwa juani. Viwanda vya minofu vikafunguliwa Kisumu, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na kilichobaki kwa wenye ziwa ni mifupa yenye kichwa na mkia, iitwayo mgongo wazi. Kwa miaka nimeona akina mama wa sokoni wakiipanga mifupa hiyo kwenye makarai ya mafuta yanayochemka, ikitoka ya rangi ya dhahabu, mikavu, ikivunjika kwa sauti. Nyumbani hurudishwa kwenye kitunguu, nyanya, dania na kikombe cha Royco, na baada ya dakika 10 familia ya watu saba ina kitoweo. Huo mchuzi ni akili ya watu walioachiwa mifupa, nao wakaifanya kitu ambacho mtoto huomba aongezwe.

Wajapani wenyewe hawakuwa wageni kabisa katika historia ya ziwa hili. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za kuja Afrika Mashariki, wakati viwanda vya Japani vilipokuwa vikitafuta pamba, na pamba ya Uganda ilikuwa bado inavushwa ziwani hadi Kisumu. Wajapani wa kujitolea wa kwanza walifika Kenya mwaka 1966. Kituo cha umeme cha Sondu-Miriu, megawati 60, kilijengwa kwa mkopo wa Japani. Huko Mbita watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagasaki wamefuatilia afya ya wakazi kwa miaka mingi. Mashamba ya mpunga ya Ahero, yanayonyweshwa kwa pampu kutoka mto Nyando, yalianza kazi mwaka 1969, na mgeni anayetoka katika nchi ya mpunga akifika pale hukuta kitu cha kwao: maji yaliyosimama, miche iliyopangwa mistari, korongo wanaotembea katikati. Mwalimu Atieno alikuwa akishuka kwenye matatu kabla ya kituo ili apite kando ya mashamba hayo kwa miguu.

Nikilinganisha ndugu hawa wawili, kinachoniuma ni jina. Wajapani waliichukua kari ya watu, wakaipa siku na mahali. Mabaharia wao hula kari kila Ijumaa mpaka leo. Mwaka 1999 mji wa bandari wa Yokosuka ulijitangaza kuwa mji wa kari. Mwezi Januari mwaka 1982 shule za nchi nzima zilihimizwa kuwapikia watoto kari siku moja, na tarehe 22 ya mwezi huo imebaki siku ya kari. Kisumu ina bandari, ina reli iliyoleta viungo, ina samaki ambaye hapatikani kwenye bahari yoyote, ina miaka zaidi ya 120 ya kupika hivi, na tunauita mchuzi basi. Mgeni akiuliza chakula cha Kisumu tunamwambia samaki. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine iko kwenye karai, na ina historia ya Punjab, Kutch, Kano na Kaloleni ndani yake, na historia ya wapishi ambao wajukuu wao wako hai na wanaweza bado kuulizwa.

Mwalimu aliondoka mkataba wake ulipoisha. Alituachia sufuria, kamusi na paketi mbili za vibao, ambazo Mama aliziweka kabatini kwa heshima mpaka zikapita muda. Siku hizi vibao hivyo nimeviona kwenye duka kubwa Nairobi. Mwaka jana nilinunua paketi moja, nikasafiri nayo mpaka Ahero.

Sikununua kuku. Nilipitia Kisumu asubuhi, nikachukua mbuta wa kilo moja na nusu, nyama nyeupe ngumu. Nilitaka kumtia mbichi kwenye supu kama mwalimu angefanya. Mama akaniondoa jikoni. Akamkata mbuta vipande, akampaka chumvi na limau, akamkaanga mpaka ngozi ikashika. Akakaanga kitunguu kwa mafuta yaleyale, akasubiri kibadilike rangi, karoti na viazi vikafuata, maji yakafuata. Ndipo akanipokonya kibao, akakivunja vipande vinne bila kuuliza ni vingapi, akavitia kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, akakoroga kwanza pembeni. Nikamwambia havikorogwi pembeni, hutiwa moja kwa moja sufuriani. Hakunijibu. Mchuzi ulitoka laini, bila donge hata moja, na mbuta akawa amevaa rangi ile ya hudhurungi niliyoikumbuka. Mwishoni akatupia dania mbichi konzi nzima na pilipili moja iliyopasuliwa, na ule utamu wa tofaa na asali ukapata mtu wa kubishana naye.

Nilikuwa nimepika wali wa Ahero kwa ajili ya kumbukumbu. Mama alijipakulia vijiko viwili, akauonja na mchuzi, akatikisa kichwa kwa kukubali. "Wali ni wa mwalimu," akasema. Kisha akausukuma pembeni mwa sahani, akavuta ugali, akamega, akabonyeza kwa kidole gumba, akachota.